Shimo Kwenye Utao

Glenys Thackray hakukataa shairi kwa barua.
Stempu ni ghali, alisema, na "hapana" ya karatasi ni ya mwoga.
Alipanda basi langu la saa kumi na moja na robo,
Huddersfield kwenda Marsden, bahasha kaibana kwapani,
akashuka Slaithwaite, akabisha mlango wa mshairi
akamwambia usoni: ubeti wa tatu unadanganya.
Nikirudi nilimkuta kituoni.
Mara nyingine kashika kipande cha keki.
Mara nyingine kalowa chapachapa, mlango haukufunguliwa.

Miaka ishirini na sita alihariri jarida liitwalo *Pindo*,
kurasa arubaini, pini mbili za stepla,
likidurufiwa usiku kwenye mashine ya shule
alikokuwa akiwapikia watoto.
Mwalimu mkuu alijua. Alinunua nakala moja kila toleo, akanyamaza.
Kabla ya hapo alikuwa kiwandani, mkaguzi wa mablanketi,
vidole vikisaka uzi uliokatika.
"Kazi ni ile ile," aliniambia,
"ila blanketi halinuni."

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi
alipanda ngazi za baa iliyo nyuma ya stesheni
akasimama kwenye maikrofoni bila karatasi,
mwanamke mfupi, koti la mvua hajalivua.
Na sauti ile, sijui niifananishe na nini.
Siyo ngurumo. Ni kama mtu anakuita jina
kutoka chumba cha pili
nawe unaacha ulichoshika.
Alighani deni la makaa la mama yake,
alighani kidole alichokiacha kwenye mtambo,
na watu wakazisahau bia zao.
Akishuka alitoa kalamu
akafuta mstari mmoja kwenye kiganja:
ule uliopigiwa makofi mno.

Mimi nilikaa nyuma na sare ya kampuni,
shairi limekunjwa pamoja na leseni.
Miezi tisa.
Siku nilipothubutu tulikuwa Marsden, injini nimeizima,
dakika saba kabla ya kugeuza.
Nikamwonya: ni Kiswahili.
Akasema: soma.
Nikasoma. Akafumba macho.
Vidole vyake tisa vikagonga chuma cha kiti,
nane, na nane, nane, na nane,
hadi hapa:

        *Theluji imenitwika, kilemba bila ngoma*

Mkono ukabaki hewani.
"Hapo," akasema, "pana shimo."
Hajui neno la lugha yangu,
jambo hajui, asante hajui,
na kasikia mizani moja ilivyodondoka
ambayo mimi, mjukuu wa malenga wa Siu,
niliipita kila siku kama kituo kisicho na abiria.

Nilikasirika hadi Huddersfield.
Usiku, nikisugua sufuria, likaja lenyewe:

        *Theluji imenitwika, kilemba bila harusi*

Nikamsomea. Nikauliza: zuri?
Hakuwa mtu wa kuvika watu kilemba cha ukoka.
"Limetimia," akasema, akafunga kitufe cha koti.
Akalichapa bila tafsiri,
kati ya shairi la kondoo na shairi la talaka.
Wasomaji wawili walilalamika kwa barua.
Akawajibu kwa miguu.

Kitabu chake mwenyewe hakijatoka.
Kila kilipokaribia alikihariri.
Kilianza mashairi sitini. Nilipostaafu yalibaki kumi na moja.
Juzi kaniambia manne, na moja analitilia shaka.

Ngazi za baa zimemshinda sasa.
Jumatatu naiweka simu yangu mezani, karibu na maikrofoni,
naye yuko jikoni kwake, sikio kwenye simu.
Nasoma. Watu wanadhani ninatazama karatasi.
Nasikiliza kucha zake juu ya meza ya mbao,
nane, na nane,
nikiomba zisisimame,
na kidogo, Mungu anisamehe,
nikiomba zisimame.